Vita vya Maji Maji: Kilichowainua Wazee Wetu na Kilichowapata



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunapenda mwaka huu tutoke kidogo kwenye tarehe ya Maswahaba na dola za Kiislamu, ambayo mmezoea kuisoma katika kurasa hizi, tuje kwenye tarehe ya nchi yetu wenyewe. Kilichotusukuma ni maswali ya wanafunzi wa sekondari wanaofika madrasa jioni wakiwa bado na madaftari ya shule mkononi. Swali la kwanza huulizwa kwa kicheko: ilikuwaje watu wazima wenye akili zao waamini kwamba maji yatazuia risasi? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: je, ni kweli kwamba maakida waliokuwa wakiwachapa watu viboko kwa niaba ya Mjerumani walikuwa Waislamu?

Maswali yote mawili ni ya haki, na tutayajibu. Lakini hayajibiki mpaka kwanza tujue watu wa kusini walikuwa wakiishi vipi kabla ya mwaka 1905.

Itakumbukwa kuwa Mjerumani, au Mdachi kama wazee walivyomwita, hakuingia nchini kwa ridhaa ya wenyeji. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka bara akiwatia machifu saini kwenye mikataba wasiyoijua lugha yake. Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani iliipa kampuni yake hati ya ulinzi, na kampuni hiyo ilipotaka kutawala pwani, watu wa pwani waliinuka mwaka 1888 wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Kampuni ilikuwa imeshindwa kazi, hivyo mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ikashika utawala yenyewe. Mkwawa wa Uhehe alipigana hadi alipokufa mwaka 1898.

Sisi wa Tunduma tunayo alama ya zama hizo mbele ya macho yetu kila siku. Mpaka huu tunaouvuka kwenda Nakonde ulikatwa kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890, yaliyosainiwa Ulaya na watu wasiopata kuiona nchi hii. Ukawagawa Wanyamwanga pande mbili, mjomba akabaki kwa Mwingereza na mpwa kwa Mjerumani, na hakuna aliyewauliza.

Sasa tuje kwenye uchumi, kwa sababu humo ndimo moto ulimowashwa. Mwaka 1898 Mjerumani alianza kutoza kodi ya kibanda, na kwa mtu wa shamba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Leo rupia 3 zinasikika kama mchezo. Lakini mkulima wa Umatumbi hakuwa na mshahara, na mazao yake aliyalima ili ale na watoto wake. Rupia ilipatikana kwa kuuza chakula cha nyumbani au kwenda kufanya kibarua kwa mzungu. Na hasa hilo la pili ndilo lililokuwa kusudio: kodi ilikuwa fimbo ya kumtoa mtu shambani kwake aende shamba la mwingine. Familia za hapa mpakani zinaujua ushuru na risiti zake, na tunanung'unika. Hata hivyo, ushuru wa leo mtu anaweza kuuliza umejenga nini. Mmatumbi aliyekwenda boma kuuliza swali hilo mwaka 1900 alijibiwa kwa kiboko.

Juu ya kodi ikaja pamba. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na wenye viwanda walitaka pamba ya makoloni yao. Gavana von Götzen, aliyeshika kazi mwaka 1901, alianzisha mwaka 1902 mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, kisha ukapelekwa sehemu nyingine za kusini. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilime. Kwenye karatasi kazi ilikuwa siku 28 kwa mwaka, lakini kwa hakika zilizidi, na zilikuja wakati uleule ambao mtu alitakiwa apalilie mtama wake na kulinda mpunga wake usiliwe na nguruwe pori. Mapato yaligawanywa mafungu: fungu la jumbe, fungu la wasimamizi wa biashara, na fungu la mwisho likagawiwa wakulima wote. Mwaka wa kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam mtu alipata senti thelathini na tano kwa kazi yake. Wapo waliokataa hata kuzipokea.

Wanafunzi wetu waliosoma fiqhi ya muamala wanajua hukumu ya mwenye kumtumikisha mtu kisha akampunja ujira wake, na hatuna haja ya kuirudia hapa. Tunachotaka mkizingatie ni hesabu: mtu alifanya kazi ya pamba, akapata senti thelathini na tano, na bado alidaiwa kodi ya rupia 3. Rupia moja ilikuwa senti mia. Maana yake, mshahara wote wa pamba wa msimu mzima haukufikia hata sehemu ya nane ya kodi. Mwenye kuielewa hesabu hiyo ameshaielewa nusu ya Vita vya Maji Maji.

Nusu ya pili ni utawala. Mjerumani hakuwa na watu wa kutosha kuitawala nchi kubwa namna hii. Basi akachukua mfumo aliokuta pwani tangu enzi za Sultani wa Zanzibar, wa maliwali, maakida na majumbe, akausukuma hadi bara, mahali ambapo haukuwahi kuwapo. Wamatumbi, kwa mfano, hawakuwa na mfalme. Waliishi kwa koo, kila ukoo na wazee wake. Ghafla akaletwa mtu kutoka pwani, anayezungumza Kiswahili na anayejua kuandika, akaambiwa: wewe ndiye akida wa hapa, kodi yao utaikusanya wewe, na kesi zao utaziamua wewe.

Hapa ndipo penye swali lile la sauti ya chini. Ndiyo, wengi wa maakida walikuwa Waislamu. Walikuwa watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, na baadhi walisoma katika shule za serikali kama ile ya Tanga. Askari nao, wale waliochukuliwa Misri mwaka 1889 wengi wakiwa Wasudani, walikuwa Waislamu. Akida aliyekaa Kibata, Umatumbi, alikuwa Mwarabu, na jina lake limebaki katika masimulizi ya wazee wa huko kwa ubaya. Watu walichapwa, walifungwa, wake zao walivunjiwa heshima, na aliyekuwa mbele ya macho yao mara nyingi hakuwa mzungu. Alikuwa mtu wa kanzu na kofia.

Baadhi ya ndugu zetu huona haya kulisema hili, na wapo wanaolikanusha kabisa. Sisi tunaona kulificha ni kosa kubwa zaidi, kwani dhulma haipati uhalali kwa kuwa aliyeifanya anasali. Lakini pia haitakuwa uadilifu kuishia hapo. Akida hakuitunga kodi, wala pamba haikwenda kwenye kiwanda chake. Na upande wa pili wa vita tunakuta viongozi wenye majina kama Abdalla Mapanda na Selemani Mamba, majina yanayoonyesha kwamba Uislamu ulikuwa umeshawafikia watu wa kusini kabla ya vita, na kwamba waliobeba majina hayo walisimama pamoja na waliodhulumiwa. Basi anayesema kuwa hivi vilikuwa vita vya Waislamu amekosea, na anayesema Waislamu wote walikuwa upande wa Mjerumani amekosea vilevile.

Turudi kwenye maji. Mwaka 1904 kule Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, alitokea mganga aitwaye Kinjikitile Ngwale. Ilisemwa kuwa alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alitoa dawa ya maji iliyochanganywa na nafaka, akasema kwamba anayeitumia risasi ya Mjerumani haitamdhuru, itageuka maji. Habari zikaenea kwa kunong'onezana, jambo ambalo Wamatumbi waliliita njwiywila, na watu wakamiminika Ngarambe kwa makundi.

Kwa upande wa itikadi hatuna la kuficha. Kutegemea maji ya mganga yazuie risasi si katika dini yetu, na mwanafunzi wa madrasa anajua ni mlango gani wa tauhidi unaovunjwa hapo. (Na wale wanaowafunga watoto wao hirizi kabla ya mitihani wasiwe wepesi kumcheka Mmatumbi.) Lakini mwanafunzi wa tarehe aulize swali jingine: maji yale yalifanya kazi gani? Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera na Wangoni hawakuwa taifa moja. Hawakuwa na chifu mmoja wala lugha moja, na baadhi yao walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe miaka michache tu kabla. Hapakuwa na chama, gazeti wala redio. Maji yakawa kiapo. Aliyeyanywa Liwale na aliyeyanywa Mahenge walijua kwamba wako upande mmoja, ingawa hawajapata kuonana.

Isitoshe, yapo matukio yanayothibitisha kuwa chanzo hakikuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu waling'oa miche michache ya pamba katika shamba la pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo la vita. Hawakwenda kwanza kuchoma kanisa wala kumuua mzungu, waling'oa pamba. Mjerumani akamkamata Kinjikitile haraka na kumnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vibichi kabisa. Ingekuwa mambo yote ni ya mganga, yangekwisha siku ile. Badala yake vilienea na kuendelea hadi mwaka 1907.

Mapigano yenyewe tutayapita kwa haraka. Mwezi Agosti boma la Liwale lilianguka, na Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake tarehe 14 ya mwezi huo walipokuwa safarini. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge mchana kweupe, wakakutana na bunduki za mtombo. Waliokufa siku ile ni wengi mno, na baada ya hapo imani katika maji ilianza kupungua. Wangoni waliingia vitani mwezi Septemba, na Wabena wakaishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, tarehe 19 ya mwezi huohuo. Wangoni walishindwa vibaya Namabengo mwezi Oktoba. Tangu hapo waliosalia waliacha kupigana uso kwa uso, wakaingia porini kupigana kwa kuvizia. Zingatieni hapo: waliendelea kupigana ilhali wameshajua kwamba maji hayazuii risasi.

Na sisi wa huku? Wanafunzi huuliza kwa nini Wanyiha, Wanyamwanga na Wasafwa hawatajwi katika vita hivi, wakati Njombe haiko mbali. Kwa ujumla upande huu, uliokuwa chini ya boma la Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu ya leo, haukuinuka. Kwanza, mashamba ya pamba ya pamoja hayakuwa yamefika huku. Kodi ilikuwapo, lakini mzigo ule wa pili ulikuwa haujawekwa. Pili, maji yalisafiri kwa njia za udugu na za waganga wa Rufiji na Ungindo, na njia hizo zilielekea kusini na mashariki. Tatu, jirani yetu mkubwa, Merere wa Usangu, alisimama upande wa Mjerumani, kama walivyofanya pia Wahehe ambao walikuwa wamevunjwa nguvu baada ya Mkwawa. Hatudhani wazee wetu wa Mbozi walikuwa waoga au kwamba walimpenda Mdachi. Mtu huinuka pale mzigo unapomzidi, na wao ulikuwa bado haujawazidi kwa kiasi kile.

Kilichofuata ndicho ambacho vitabu vya shule hukitaja kwa mstari mmoja, nasi tungependa tukae nacho kidogo. Mjerumani aliona kuwa hawezi kumfukuza kila mpiganaji porini. Ofisa mmoja, Kapteni Wangenheim, aliandika kwamba njaa pekee ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri. Na serikali ikafanya hivyo. Askari na wasaidizi wao wakapita kijiji hata kijiji wakichoma nyumba, wakichoma maghala, wakichukua mifugo, na kuwazuia watu wasilime msimu uliofuata. Waliokufa kwa risasi walikuwa sehemu ndogo. Waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata, wakiwemo kina mama na watoto ambao hawakupata kushika hata mkuki, ndio wengi.

Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wetu, akiwemo Gilbert Gwassa aliyewahoji wazee wa Umatumbi na jirani zake katika miaka ya 1960, wameona idadi hiyo ni ndogo mno na kutaja kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa Mjerumani walihesabiwa Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316. Hata hao askari na wasaidizi walikuwa Waafrika.

Njaa hiyo ilibadilisha hata ardhi. Vijiji vilivyohamwa viliota pori, pori likaleta wanyama na ndorobo, na watu hawakuweza kurudi. Sehemu kubwa ya nchi iliyo kaskazini ya Liwale, inayojulikana leo kama pori la akiba la Selous na, tangu mwaka 2019, Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ilikuwa na wakulima kabla ya vita. Mtalii huoneshwa tembo mahali ambapo palikuwa na maghala ya mtama.

Kisiasa, Ujerumani ilitikisika. Wakati uleule ilikuwa imewaangamiza Waherero na Wanama katika nchi iitwayo leo Namibia, na bungeni kwao watu walianza kuuliza makoloni haya yana faida gani. Götzen aliondoka mwaka 1906. Aliyemfuata, von Rechenberg, aliyewahi kukaa Zanzibar na aliyekijua Kiswahili, aliona afadhali mwafrika alime zao lake shambani kwake na kuliuza, kuliko kumsukuma kwa kiboko kwenye shamba la mlowezi. Mashamba ya pamba ya pamoja yakafutwa. Walowezi walimchukia sana kwa hilo. Tusimpambe lakini: kodi ilibaki, kiboko kilibaki kikiwekewa masharti tu, na utawala ulikuwa uleule. Wakulima walipata unafuu, na waliolipa bei ya unafuu huo walikuwa wameshazikwa.

Upande wa dini, baada ya vita watu wengi wa kusini waliacha njia za zamani. Waganga walikuwa wameshindwa, machifu wameuawa, na waliobaki walitafuta pa kushika. Wengine waliingia Ukristo, hasa Ungoni kwenye misheni ya Peramiho. Wengine wengi, hasa Kilwa, Lindi na bara yake, waliingia Uislamu, ambao uliwafikia kupitia walimu wa kawaida na wafanyabiashara, siyo kupitia maakida. Mwaka 1908 ikazuka huko Lindi ile iitwayo Barua ya Makka, karatasi iliyopita msikiti kwa msikiti ikisema Kiyama kimekaribia na kuwataka watu watubu. Barua za aina hiyo hazina asili katika dini, na hata leo zinatufikia kwenye simu na amri ya kuzisambaza kwa watu kumi. Lakini Mjerumani alitetemeka. Alikuwa ametoka kuona maji yakiunganisha makabila, sasa akaona karatasi.

Kumbukumbu haikufa. Mwalimu Nyerere, alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kwa niaba ya TANU, alivitaja vita hivi kama ushahidi kwamba Watanganyika hawakuukubali ukoloni tangu mwanzo. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile, ambayo baadhi yenu mtaisoma. Na kila tarehe 27 Februari Songea wanafanya kumbukumbu ya mashujaa, kwa sababu siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni kwa pamoja, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na wakazikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, na kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho ya Maji Maji hapo Songea, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa hicho. Siku alipoomba msamaha ilikuwa imepita miaka 117, na kichwa kilikuwa bado hakijapatikana.